Kipupwe cha Mnazi Mmoja: Historia ya Mchezo wa Baridi katika Kisiwa cha Joto

Mtu atokaye Darajani, akaiacha nyuma Marikiti Kuu iliyojengwa mwaka 1904 katika enzi ya Seyyid Ali bin Hamoud, akaifuata barabara kuu kwa upande wa kusini, majumba ya mawe ya Mji Mkongwe yakiwa mkono wake wa kulia na mitaa ya Ng'ambo mkono wake wa kushoto, huwa anakwenda mahali palipokuwa bahari. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukapita hapo ambapo daraja la kuvukia Ng'ambo liliupa mtaa jina lake, ukaishia Mnazi Mmoja katika matope na madimbwi. Wakati wa bamvua maji yalijaa hata mji ukakaribia kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Na yalipokupwa yaliacha tope na takataka ambazo harufu yake ililalamikiwa na wageni wengi walioandika habari za Unguja katika karne ya 19. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo kwa muda wa miongo mingi, na sehemu yake ya mwisho haikukauka ila katika miaka ya 1950. Upande wa Mnazi Mmoja ulitangulia kufanywa nchi kavu, na juu ya nchi hiyo mpya serikali ya wakati wa himaya ya Waingereza ikaweka uwanja wa michezo.

Katika miaka ya 1920 sehemu ya uwanja ule ilitengwa kwa ajili ya wanachama wa Klabu ya Waingereza peke yao. Humo walikuwa na viwanja vya tenisi, na uga wa mchezo wa kroke, na kiwanja cha gofu, ambacho kwa zama zile kilikuwa cha pekee katika kisiwa chote. Watu wazima wa Vuga, Kikwajuni na Kisiwandui waliyapokea hayo kama jambo la kawaida la utawala, kwa kuwa mtawala alikuwa na desturi ya kuchukua na kupima na kuzungushia alama. Lakini mchezo wenyewe, wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo ndefu mpaka uzame katika kishimo, una asili yake na haki zake, na asili hiyo imo katika baridi. Mwenye kuijua asili hiyo huiona Mnazi Mmoja kwa jicho jingine, na huona dhahiri ni kitu gani kilicholetwa Unguja na kitu gani kilichoachwa nyuma.

Gofu, kwa kadiri historia yake inavyojulikana, imekulia katika pwani ya mashariki ya Uskochi, nchi ya upepo mkali na mvua nyembamba, ambako mchana wa Desemba haupiti saa 7 hivi na jua huchomoza likiwa limechoka na kuzama upesi. Wengi wetu hudhani kuwa mchezo wa majani mabichi lazima uwe mchezo wa kiangazi. Mambo yalikuwa kinyume. Mashine ya kukatia majani haikubuniwa mpaka mwaka 1830, na kabla ya hapo majani ya kiangazi, yakipata jua na mvua, yaliota hata yakafika magoti, mpira ukipotea humo hauonekani tena. Isitoshe, kiangazi ni wakati wa mashamba, na mkulima, mfumaji na fundi viatu hawakuwa na wasaa. Baridi ilipokuja, majani yalilala, kondoo wakayamaliza kwa meno yao mpaka ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba ikawa kama zulia, na watu wakawa na muda. Ndipo walipotoka na fimbo zao.

Nyaraka za kale zinashuhudia hivyo bila ya kukusudia. Bunge la Uskochi lililopiga marufuku gofu na mpira wa miguu mwaka 1457, katika enzi ya James wa Pili, lilikusudia watu wafanye mazoezi ya kupiga mishale badala ya kupoteza wakati; walakini nusu karne baadaye mweka hazina wa mjukuu wake, James wa Nne, aliandika katika daftari la matumizi fedha za mchezo wa gofu alioucheza mfalme na mmoja wa masharifu wake, nao ulikuwa mwezi wa Februari. Malkia Mary wa Uskochi, maadui zake walipotaka kumwonyesha mbele ya watu kuwa hana huzuni ya kuuawa mumewe mwaka 1567, walimtuhumu kuwa alionekana akicheza gofu siku chache baada ya maafa yale, na maafa yale pia yalitokea Februari. Hakuna aliyestaajabu kwamba mtu acheze katika baridi kama ile. Kilichoshangaza watu ni kucheza katika matanga.

Lakini hati iliyo na uzito kuliko zote kwa maneno ninayotaka kuyasema ni ile ya mji wa St Andrews, iliyotiwa muhuri katika Januari ya mwaka 1552. Askofu Mkuu John Hamilton alitaka ruhusa ya kufuga sungura katika ardhi ya mchanga iliyo kando ya mji, na wenyeji wakampa; naye kwa upande wake akakiri kwa maandishi kwamba ardhi ile ni ya watu wa mji, na kwamba haki yao ya kucheza humo gofu, mpira wa miguu, kulenga shabaha na michezo mingine yote itadumu. Msomaji na azingatie: gofu na mpira wa miguu zimetajwa pamoja, katika sentensi moja, juu ya ardhi moja, kwa ajili ya watu wote wa mji mmoja. Ardhi hiyo ilikuwa pia mahali pa kulishia kondoo na pa kuanikia nguo. Baada ya miaka mingi halmashauri ya mji ilifilisika, ikaiuza mwaka 1797, na wafanyabiashara wa sungura wakaivamia na kuichimba mashimo; ugomvi ukawa mkubwa, kesi zikaenda mahakamani, na haukutulia mpaka mwaka 1821, mwenye shamba mmoja wa jirani, James Cheape, alipoinunua ili kuuokoa mchezo. Hata leo kiwanja kikongwe cha St Andrews ni mali ya umma, na Jumapili hufungwa kwa wachezaji, watu wa mji wakatembea humo na watoto wao na mbwa wao kama walivyotembea mababu.

Upande wa pili wa bahari ile ya kaskazini, Waholanzi nao walikuwa na mchezo wao wa kupiga mpira kwa fimbo, na katika karne ya 17, ambapo Ulaya ilipata baridi kali kuliko ya zama zetu na mito ikaganda mwezi baada ya mwezi, waliutoa mchezo wao barabarani, ambako ulivunja vioo vya madirisha ya watu, wakaupeleka juu ya barafu. Mchoraji Hendrick Avercamp, aliyekuwa bubu na aliyeishi katika mji wa Kampen, alizijaza picha zake watu wa namna hiyo: tajiri aliyevaa kofia pana, mtumishi, mwanamke mwenye kikapu, na mtu aliyeinama juu ya fimbo yake akipima mpira juu ya mto uliokuwa jiwe. Mwenzake wa baadaye, Adriaen van de Velde, alichora mwaka 1668 wachezaji juu ya barafu karibu na Haarlem. Nakubaliana na wale wasemao kwamba mchezo wa Waholanzi na gofu ya Waskochi ni ndugu wa mbali wala si baba na mwana, ila wote wawili walizaliwa katika majira ambapo kazi ya shamba imesimama na ardhi ni ya kila mtu.

Yafaa hapa nieleze baridi hufanya nini, kwa sababu mtu wa Darajani, hata akiwa amesoma sana, hawezi kuikisia. Asubuhi ya sakitu kila jani la nyasi huwa limegandishwa maji yake ndani kwa ndani, nalo husimama likimetameta, gumu, jeupe kama lililomwagiwa chumvi. Mtu akilikanyaga, halipindi, huvunjika. Kwa wakati ule haonekani kudhuru kitu, ila jua likishapanda, nyayo zake hutokea moja moja juu ya uwanja, kwanza nyeusi, kisha rangi ya majani makavu, zikakaa wiki nyingi kama ushahidi wa mtu aliyeingia bila ruhusa. Ndiyo maana watunzaji wa viwanja vya Ulaya huwazuia wachezaji asubuhi mpaka sakitu iyeyuke, au huchimba kishimo cha muda mbele kidogo, nje ya ule uga mzuri uliokatwa kwa uangalifu, watu wamalizie hapo. Hewa ya baridi ni nzito, mpira hauendi mbali. Vidole hufa ganzi. Na pigo lisilolenga sawasawa hutuma mtikisiko kutoka kwenye chuma mpaka kwenye kiwiko, maumivu ambayo mchezaji huyakumbuka hata jioni mbele ya moto.

Mpira nao una habari yake. Ule wa kale ulikuwa kifuko cha ngozi ya ng'ombe kilichoshonwa na kujazwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, manyoya ya kujaza kofia nzima yakishindiliwa ndani ya kitu kisichozidi yai, na fundi hodari hakuweza kutengeneza zaidi ya mitatu au minne kwa siku. Mpira huo ulistahimili baridi lakini haukustahimili maji: ukilowa ulikuwa mzito, na ukipigwa ulipasuka mshono. Kisha, kutoka mwaka 1848, ikaja mipira ya gatapacha, utomvu wa mti wa nchi za Malaya, ambao hulainika katika maji ya moto ukafinyangwa kwa mkono na kuwa mgumu ukipoa. Mipira hiyo ilikuwa rahisi, na maskini aliweza kuinunua. Lakini katika baridi kali gatapacha hukauka ikawa kama kigae, na ilitokea mara nyingi mpira ukavunjika vipande angani, hata ikatungwa sheria kwamba mchezaji ataweka mpira mwingine mahali kilipoangukia kile kipande kikubwa.

Utomvu huohuo ulifika Unguja kabla ya mchezo wenyewe. Mwaka 1879, katika enzi ya Seyyid Barghash, waya wa simu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja na kuendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban, na waya huo ulivishwa gatapacha, kwa kuwa hakuna kitu cha zama zile kilichoweza kuukinga na maji ya chumvi kama hicho. Kitu kilichopasuka juu ya nyasi za Uskochi kwa sababu ya baridi kilidumu vizuri katika baridi na giza la kina cha bahari. Kwa njia ya waya huo Unguja ilifungwa na London kwa masaa badala ya miezi, na pamoja na simu wakaja makarani na wahandisi wa simu, vijana wa Kiingereza walioajiriwa kukaa ugenini, ambao mbali na kazi yao ya mchana walikuwa na jioni ndefu za kujaza.

Waingereza walikuwa wamekwisha kuuchukua mchezo huu nje ya kwao muda mrefu. Calcutta walianzisha klabu ya gofu mwaka 1829, na Bombay mwaka 1842; na kutoka Bombay, msomaji atakumbuka, ndiko yalikotoka mambo mengi ya ubalozi wa Kiingereza wa Unguja, watu wake na desturi zake. Mwaka 1856 wakaanzisha nyingine huko Pau, kusini ya Ufaransa, mji ambao matajiri wa Kiingereza waliuendea miezi ya Desemba na Januari kukimbia baridi ya kwao. Hapo ndipo palipotokea mageuzi ambayo naona yana maana kubwa katika historia hii. Mchezo ambao baridi iliuzaa, na ambao ulichezwa na fundi viatu katika ardhi ya umma, ukawa mchezo wa mtu mwenye nauli, anayeikimbia baridi, na anayecheza ndani ya mipaka ya klabu.

Lakini hawakuikimbia wote. Rudyard Kipling, mwandishi aliyezaliwa Bombay, alipokuwa akiishi karibu na mji wa Brattleboro, katika jimbo la Vermont huko Marekani, kati ya mwaka 1892 na 1896, alipata kutembelewa na Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, katika Novemba ya mwaka 1894, naye Doyle akamfundisha gofu. Theluji ilipofunika shamba lote, Kipling hakukubali kuweka fimbo zake: aliipaka mipira rangi nyekundu ipate kuonekana juu ya weupe, akafukia makopo ndani ya theluji yawe mashimo, akacheza. Theluji ikiganda juu na kufanya ganda gumu, mpira huteleza ukaenda hauna mwisho. Mtoto wa Bombay akipiga mpira mwekundu juu ya theluji ya Vermont ni picha ambayo nimeipenda tangu nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu inathibitisha kwamba baridi haikuwa adui wa mchezo huu hata kwa mtu wa nchi za joto.

Sasa turudi Unguja. Klabu ya Waingereza ilianzishwa mwaka 1888, nayo huhesabiwa kuwa kongwe kuliko zote za namna yake katika Afrika ya Mashariki. Walipopata sehemu yao ya Mnazi Mmoja, wanachama wake walipata ardhi tambarare iliyokuwa tope, karibu na nyumba zao za Vuga na karibu na ofisi zao. Na tangu mwaka 1925 walikuwa na mbele ya macho yao kuba jeupe la Beit el Amani, jumba la ukumbusho wa amani lililosanifiwa na J. H. Sinclair, ambaye alikuwa Balozi Mkazi na msanifu wa majengo kwa pamoja. Kiwanja kilikuwa kizuri kwa kutazama. Kwa kucheza kilikuwa na matatizo ambayo hakuna Mskochi aliyezaliwa nayo.

Katika masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mvua ya Unguja hainyeshi, humwagika. Na ardhi iliyotwaliwa baharini huyakumbuka maji, ikayazuia juu yake, hata watu wa Mnazi Mmoja wanajua mpaka leo jinsi uwanja unavyogeuka ziwa. Majani huota kwa pupa, yanakatwa leo yanarudi kesho kutwa. Katika kaskazi, kuanzia Desemba, joto na unyevu humchosha mtu kabla hajainua mkono, na ardhi hupasuka. Kati ya hayo mawili kuna kipupwe, Juni mpaka Agosti, ambapo kusi huvuma, mbingu ni safi, ardhi imekauka bila ya kuwa ngumu, na majani yamepunguza haraka yake. Usiku wa Julai kipimo cha joto hushuka hata nyuzi 21 au 22 za Selsiasi. Mtu wa Uskochi akizisikia nyuzi hizo huziita kiangazi kizuri. Walakini kipupwe kilimfanyia mchezaji wa Mnazi Mmoja kazi ileile ambayo baridi ya Januari ilimfanyia mchezaji wa St Andrews: kiliyatuliza majani, kikaishika ardhi, kikamrudishia mtu nguvu za kutembea.

Nasi wenyeji tuna baridi yetu, wala haina haja ya kuomba radhi kwa nyuzi zake. Alfajiri ya Julai pale Darajani, kabla samaki hawajafika marikiti, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe vyake vidogo, na wazee waliokaa barazani wamejitanda mashuka mpaka masikioni, wengine wamevaa makoti juu ya kanzu. Kikombe hushikwa kwa mikono miwili kwanza kwa ajili ya vidole, kisha kwa ajili ya kinywa. Tangawizi huuzwa kwa wingi. Ni majira ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, ni majira ya harusi, na watoto hawapendi kuoga. Mzee akisema "baridi mwaka huu ni kali" husema kweli, kwa kuwa mwili hupima baridi kwa kulinganisha na jana yake, wala haupimi kwa kulinganisha na Uskochi.

Waliokuwa wakitazama mchezo ule kutoka ng'ambo ya alama za kiwanja hawakuwa watu wasio na mchezo wao. Mpira wa miguu ulikuwa umekwisha kuingia Unguja tangu karne ya 19 kwa njia ya wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa (UMCA), hususan katika skuli yao ya Kiungani, kusini ya mji, ambayo jina lake rasmi lilikuwa St Andrew's. Na kutoka huko ukaenea mjini na Ng'ambo kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Vijana wa mitaa yote walitaka kiwanja, na kiwanja kilichokuwa karibu nao, tambarare na kikubwa, kilikuwa Mnazi Mmoja. Walipata sehemu yao, ni kweli, na michezo mikubwa iliyokusanya maelfu ya watu ilichezwa hapo. Lakini ile sehemu nyingine, kubwa kwa eneo na ndogo kwa idadi ya walioitumia, ilibaki tupu saa nyingi za mchana ikingoja watu wachache wa saa kumi na moja za jioni. Huu ulikuwa ndio wakati ambapo suala la ardhi liliwauma watu wa Ng'ambo kuliko jambo lolote: mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojenga juu yake, na mgomo ule uliitikisa serikali. Mtu aliyetozwa kodi kwa kibanda chake cha udongo, akapita kila siku kando ya uga mpana uliotengwa kwa mpira mmoja mdogo, hakuhitaji mwalimu wa siasa.

Hapa ndipo ninapolaumu, na lawama yangu nailaza juu ya utaratibu wa zama zile. Mchezo ulioletwa Unguja uliletwa na fimbo zake, mipira yake, sheria zake na mavazi yake, lakini hati ya Januari 1552 haikuletwa. Wale waliousafirisha walikuwa na haki kwao ya kucheza katika ardhi ya umma pamoja na mchunga kondoo na mcheza mpira wa miguu, haki waliyoitetea mahakamani dhidi ya sungura. Walipofika katika nchi ya watu wengine, wakafanya kinyume chake, wakautenga mchezo na watu, na gofu wakaitenga na mpira wa miguu, vitu viwili ambavyo askofu wao aliviandika pamoja.

Katika bara ya Afrika ya Mashariki mchezo huo ulipata baridi iliyo karibu zaidi na ya kwao, na huko ulistawi kuliko Unguja. Nairobi walianzisha klabu yao mwaka 1906, na mwaka 1935 Mfalme George wa Tano akaipa ruhusa ya kujiita ya kifalme. Juu zaidi, Limuru, ambako ardhi imepita mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi za Julai hufunikwa na ukungu mzito hata mchezaji akipiga mpira huusikia bila ya kuuona, na mchukua fimbo husimama mbele akitega sikio ajue umeangukia wapi. Katika Tanganyika, wenye mashamba ya chai ya Mufindi nao walijifanyia kiwanja kati ya vilima vyao, na katika nyanda hizo za juu za kusini sakitu si hadithi ya kusimuliwa: Juni na Julai huunguza chai na viazi, na wakulima huamka usiku kuitazama mbingu, kwa kuwa usiku usio na wingu wala upepo ndio unaoileta. Sehemu nyingi za bara hazikuweza kulea uga wa majani mororo kuzunguka shimo, basi wakaweka mchanga uliochanganywa na mafuta, mweusi, ambao ulipaswa kusawazishwa kwa kifaa cha ubao kila baada ya mchezaji kupita. Watoto waliochukua fimbo katika viwanja hivyo walijifunza mchezo kwa macho, na baadhi yao, baada ya uhuru, wakawa wachezaji na walimu wake, jambo ambalo Mnazi Mmoja halikupata nafasi ya kutokea.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliimaliza Klabu ya Waingereza. Jumba lake la Shangani likaitwa Africa House, na kiwanja chake cha gofu kikarudi katika mikono ya mji. Banda la wachezaji wa kriketi, lililojengwa kwa mtindo wa Kiingereza, lilibaki katika pembe ya uwanja. Mashimo ya gofu yalizibwa na udongo na nyayo. Mpira wa miguu ukachukua nafasi yote, na sikukuu za Idi zikaujaza uwanja watoto waliovaa nguo mpya, na wauza aiskrimu, na pembea, na vumbi. Kwa kiasi cha nusu karne Unguja haikuwa na kiwanja cha gofu hata kimoja, wala sikumbuki kumsikia mtu akilalamika.

Kisha katika miaka ya karibuni hoteli moja ya upande wa Mangapwani, kaskazini ya mji, ikatengeneza kiwanja chenye mashimo 9 mbele ya bahari. Wachezaji wake wengi ni wageni, na wageni hao huja kwa wingi kati ya Desemba na Februari, pale viwanja vya kwao vimefungwa kwa sakitu au vimezikwa na theluji, kama wale waliokwenda Pau mwaka 1856. Huwasili katika joto kali la kaskazi, wakatoka saa nne za asubuhi bila kofia, na saa sita wamerudi kivulini nyuso zao zikiwa nyekundu, wakiomba maji ya madafu. Vijana wa Mangapwani wanaowachukulia fimbo wamekwisha kuwashauri mara nyingi kwamba wakati wa kucheza katika kisiwa hiki ni Julai.